Umehamia chuo kingine? Jinsi ya kuomba chumba na maegesho bila kupoteza wiki tatu kama mimi

Anayehamia chuo katikati ya masomo hufika vyumba vikiwa vimeshagawanywa. Vyuo vingi huanza na mwaka wa kwanza, wanafuata wanaoendelea, na sisi wa kuhamia tunagawana kilichobaki. Muhula huu nimepita huko. Nimelipa ada ya maombi mara mbili na nimekaa wiki tatu nikisubiri kwenye foleni ambayo sikuwemo. Anayehamia muhula ujao asipite nilikopita.

Anza na namba ya usajili

Barua ya kudahiliwa peke yake haikufikishi popote kwenye mfumo wa malazi. Unaulizwa namba ya usajili, na namba hiyo kwa kawaida haitoki mpaka uthibitishe nafasi yako. Vyuo vingine husubiri pia matokeo rasmi kutoka chuo ulichotoka. Kwa hiyo kabla ya kuwaza chumba, nenda chuo cha zamani ukamalize madeni yote, hata kitabu kimoja cha maktaba. Matokeo yanaweza kuzuiwa kwa sababu ya deni dogo kabisa, na kila siku yanapozuiwa kuna mtu anachukua kitanda ambacho kingekuwa chako.

Ukishapata namba, jaza fomu siku hiyohiyo. Kujaza ni rahisi, sitakuchosha nako.

Hakikisha malipo yamesoma

Hapa ndipo nilipoumia. Nilijaza fomu usiku uleule nilipopata namba, nikapakia kitambulisho, picha na barua ya mdhamini, nikalipa. Ukurasa wa mwisho ukaandika kwamba ombi limepokelewa. Nikatulia. Wiki ya tatu, kimya, nikaenda ofisi ya malazi. Dada wa dirishani aliandika namba yangu, akageuza skrini nione mwenyewe: jina langu, hosteli tatu nilizochagua, na mbele yake neno moja jekundu, HALIJAKAMILIKA.

“Dada, mimi nimeomba tangu mwezi uliopita.”

“Umejaza, mdogo wangu, ila malipo hayajasoma.”

Nilikuwa na risiti mkononi. Kumbe nilifungua fomu mara mbili usiku ule kwa sababu mtandao ulikatika, mfumo ukanitolea namba mpya ya kumbukumbu ya malipo, nami nikalipia ile ya kwanza ambayo ilikuwa imekwisha kufutwa. Pesa ile ilihitaji barua ya kuomba kurudishiwa. Nikalipa tena palepale, na mahali pangu kwenye foleni pakahesabiwa kuanzia siku hiyo, si siku niliyojaza.

Fanya hivi. Kabla ya kulipa, toka kwenye mfumo, ingia upya, unakili namba ya malipo inayoonekana wakati huo. Siku moja baada ya kulipa, ingia tena uangalie hali ya ombi. Ikiwa bado haijabadilika, tuma risiti ofisini kwa barua pepe siku hiyohiyo ili ubaki na maandishi yenye tarehe. Na uliza swali hili mapema: foleni inahesabiwa kuanzia siku ya kujaza, ya kulipa, au ya ombi kukamilika? Niliowauliza baadaye, hakuna hata mmoja aliyekuwa amelifikiria.

Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, usijitoe. Kuna wanaopewa chumba na hawaripoti, na vitanda vyao hurudi kugawanywa baada ya siku ya mwisho ya kuripoti. Ijue tarehe hiyo, na asubuhi yake uwe karibu na simu yako.

Piga hesabu ya mwaka mzima

Kodi ya mwezi inadanganya. Chukua chumba cha nje cha 90 kwa mwezi, kwa pesa yoyote unayotumia, chenye mkataba wa miezi 12. Hiyo ni 1,080. Chumba cha chuo cha 115 kwa mwezi kwa miezi 9 ya masomo ni 1,035. Kile kilichoonekana ghali ndicho nafuu, na bado hujaweka umeme, maji, intaneti, mafuta ya gari na kibali cha maegesho. Kama utabaki mjini likizo nzima, hesabu inageuka, kwa sababu chumba cha chuo utakilipia upya miezi ile mitatu au utatakiwa kutoka. Amua kwanza likizo utakuwa wapi, ndipo ulinganishe.

Anayehamia muhula wa pili aulize kama mkataba unaanzia muhula huo. Usikubali kulipia miezi ambayo hukuwepo.

Maegesho yafuate chumba, lakini yaulizwe kabla ya chumba

Chumba na maegesho vimefungana kuliko nilivyodhani. Katika vyuo vingi kibali hutolewa kwa eneo: wanaolala ndani ya chuo wana eneo lao, wanaotoka nje wana lao. Ukiomba kibali kabla ya kujua utalala wapi, utapewa eneo lisilokufaa, na kulibadilisha ni ombi jingine. Ukisaini chumba kabla ya kuuliza maegesho, unaweza kujikuta hosteli yako haina eneo la karibu hata moja. Kwa hiyo uliza kwanza, saini chumba, ndipo uombe kibali.

Andaa leseni, bima na kadi ya gari. Kama gari lina jina la mzazi, omba barua yake mapema yenye namba ya gari na saini. Wengi hurudishwa dirishani kwa sababu ya karatasi hiyo moja. Elewa pia unachonunua. Mara nyingi kibali kinakupa ruhusa ya kutafuta nafasi ndani ya eneo, hakikuwekei nafasi. Nenda siku ya masomo saa nne asubuhi uone kama kuna pa kuegesha.

Kisha rudi usiku, utembee. Mimi nilitembea na begi mgongoni kutoka eneo la bei ya chini hadi mlango wa hosteli: dakika 17 kwa saa ya mkononi, na kati ya taa saba za njiani mbili zilikuwa zimezimika. Nikalipa zaidi kidogo kwa eneo la karibu, na sijutii hata mara moja. Mtu anayetoka maktaba saa tano usiku anastahili njia yenye mwanga.

Lipia muhula mmoja kwanza, hata kama bei ya mwaka ina punguzo. Ratiba yako mpya huijui bado, na pengine utagundua gari halihitajiki.

Kabla ya kusaini

Soma mkataba mahali penye utulivu. Kama mnapanga wengi nyumba moja, tazama kama kila mtu anabeba kodi yake au mnabeba yote kwa pamoja. Katika mkataba wa pamoja, mwenzenu akiondoka mnabaki kumlipia. Tafuta kipengele cha kuvunja mkataba, na uombe kiandikwe kwa hali yako: ikiwa uhamisho utakataliwa au masomo yako ya zamani hayatatambuliwa, amana inarudi au hairudi? Jibu la mdomo halitakusaidia. Na chumba cha nje usikilipie kabla mtu unayemwamini hajaingia ndani na kukiona, hata dalali akuhimize kiasi gani.

Siku ya kupewa funguo utapewa fomu ya kukagua chumba. Usiisaini mlangoni. Ingia, fungua kila bomba, washa kila taa, vuta kila droo, piga picha ufa wa ukutani na doa la godoro, yaandike yote kwenye fomu. Picha zitume ofisini kwa barua pepe siku hiyohiyo, kabla hujatandika kitanda.