Kutoka Mbeya hadi Positano: jiandae kwa ngazi

Positano, kusini mwa Italia, ni nyumba zilizopandana kwenye mlima unaoishia baharini. Barabara ya magari inayoshuka mjini ni moja tu, nayo haifiki ufukweni. Kwingine kote ni ngazi. Kwa hiyo beba begi la mgongo lisilozidi kilo 10. Sanduku la magurudumu utalibeba kichwani, na kabla ya kulipia chumba uliza ni ngazi ngapi kutoka kituo cha basi.

Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Italia, huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Ada ni yuro 90. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000 na ifike hadi siku ya kurudi; ikipungua hata siku moja, maombi yanakwama. Alama za vidole hutolewa ana kwa ana, basi weka kwenye bajeti safari ya kushuka Dar kwa ajili hiyo peke yake. Nenda mwezi wa 5 au wa 9. Mwezi wa 7 na wa 8 jua ni kali na watu wanabanana, hasa tarehe 15 Agosti, sikukuu ya kanisa la Santa Maria Assunta, lile lenye kuba la vigae vya njano na kijani.

Ukifika Napoli, panda treni ya Circumvesuviana hadi Sorrento, kama saa moja na ushee, kisha basi la SITA. Hapa ndipo wengi hukosea: hakuna konda wa kupokea nauli. Tiketi inunuliwa mapema kwenye duka lenye kibao cha herufi T, na ukipanda unaigonga kwenye mashine. Isiyogongwa inahesabika kama huna, na faini utalipa. Kaa upande wa kulia, ndiko bahari iliko. Kona ni za mlima Kitonga, ila nyembamba zaidi; anayetapika Kitonga ale kidogo.

Kituo cha kwanza ni Chiesa Nuova, juu kabisa. Usishuke hapo kama chumba chako kiko chini, subiri kituo cha chini, Sponda. Ufukwe wa Spiaggia Grande ni wa kokoto nyeusi, si mchanga laini kama wa Matema kule Ziwa Nyasa, kwa hiyo vaa ndala ngumu. Miavuli ni ya kulipia, lakini kipande cha bure kipo.

Mwenye miguu ya kupanda mlima Loleza asikose Sentiero degli Dei, njia ya miguu ya huko milimani. Anzia kijiji cha Bomerano uelekee kijiji cha Nocelle, juu ya Positano, saa 2 hadi 3, na lita moja na nusu ya maji. Toka Nocelle kuna ngazi kama 1,700 za kushuka. Magoti yakikataa, panda kibasi.

Kurudi Sorrento, pandia Sponda. Basi linatoka Amalfi, likifika Chiesa Nuova mara nyingi limeshajaa na linapita bila kusimama.