AC ya gari inayoharibika kila mara
Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Ikipungua, inavuja, na kujaza tu ni kutupa pesa. Tafuta vumbi lililogandamana na mafuta kwenye maungio ya mabomba na kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari). Paka hapo maji ya sabuni uone kama yanatoa mapovu. Badilisha oringi (pete za mpira za maungio), vuta vakyumu, yaani nyonya hewa na unyevu kwa pampu, dakika 30, kisha jaza gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti.

Kompresa (pampu ya gesi ya AC) ikisagika, usifunge nyingine kabla ya kusafisha mabomba na kubadilisha draya (chujio linalonyonya unyevu ndani ya mfumo): chenga za chuma zilizobaki zitaiua hiyo mpya. Draya mpya ifunguliwe mwisho kabisa, maana hunyonya unyevu wa hewani.

Kipuri kikiadimika, tafuta kwa namba ya kompresa yenyewe, halafu linganisha mifereji ya puli, volti za klachi (kiunganishi cha umeme kati ya puli na kompresa) na matundu ya bolti.