Kuchagua sanaa mpya ya mapigano Nairobi: usilipe mwaka mzima

Namwandikia Mtanzania mwenzangu aliyehamia Nairobi kikazi au kimasomo, ambaye nyumbani alicheza karate miaka kadhaa na sasa anataka kuanza kitu kingine. Taratibu za kwetu za klabu, baraza la michezo na mitihani ya mikanda unazijua. Nitakaa pale nilipoumia.

Nilitoka Dar na mkanda wa kahawia wa Shotokan, mtindo mmojawapo wa karate. Nikaingia ukumbi mmoja wa taekwondo, sanaa ya mateke ya Korea, mikeka safi, watoto wamejipanga mistari. Siku ya kwanza bure. Mwalimu akasifia mateke yangu, kisha akataja ada: shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, au 42,000 nikilipa mwaka kwa mkupuo. Nikalipa usiku uleule, kwenye namba yake binafsi. Mwezi wa tatu nikatoa 6,000 nyingine za mkanda wa njano na cheti alichokiita cha Korea. Mwezi wa tano mwenye jengo akafunga ukumbi kwa sababu ya kodi, na simu yangu haikupokelewa tena.

Usilipe mwaka. Hata punguzo likiwa nusu bei, usilipe mwaka.

Kilichoninasa ni adabu. Wenzangu wa Nairobi pale ukumbini walilipa mwezi kwa mwezi na kudai risiti mbele ya watu, bila kupandisha sauti. Mimi mtu ananifundisha, namwamkia shikamoo, nitamdai vipi karatasi? Nimeishi hapa nikajifunza kwamba Mkenya akiuliza "pesa ngapi, na nikikosa wiki mbili je?" hajamvunjia mtu heshima, na anayeulizwa hakasiriki. Uwazi huo naupenda, na natamani tungekuwa nao kwetu. Nisichokipenda ni haraka ya jiji hili: kila mtu anataka uamue leo, kabla hujafika kituo cha matatu. Mwambie utarudi wiki ijayo, na urudi kweli.

Kuhusu kile cheti: Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo yaliyoko Seoul, hutoa vyeti vya mkanda mweusi, vyenye namba ambayo unaweza kuihakiki kwao. Mkanda wa njano hutolewa na klabu yenyewe. Ukitozwa hela ya Korea kwa mkanda wa rangi, yaani ulio chini ya mweusi, ondoka. Kenya nayo ina Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, kwa hiyo omba kuona usajili wa klabu kama ambavyo ungeomba nyumbani. Na lipa kwa namba ya biashara yenye jina la klabu, siyo namba ya mtu.

Sasa, sanaa ipi? Usianze na jina lake. Nenda siku ya kawaida bila kutoa taarifa, kaa pembeni, tazama wanapopigana wao kwa wao. Mkongwe akishikana na mgeni, anamlea au anamponda? Mtu akigonga mkeka kusalimu amri, anaachiwa papo hapo? Kama mwezi mzima hawapigani kabisa, wanarusha mateke hewani tu, hapo unanunua mikanda.

Mwenye karate atapata mengi mapya kwenye judo ya Jigoro Kano, iliyoanza Tokyo mwaka 1882, maana inaanza pale karate inapoishia, mnapokamatana nguo. Jujitsu ya Kibrazili inakaa zaidi chini, na mkanda wake mweusi huchukua karibu miaka kumi. Anayekuahidi kwa miwili, mkimbie. Ndondi haina mkanda wa kukuuzia, na hili ndilo jiji la nchi iliyompata Robert Wangila, bingwa wa Olimpiki ya Seoul 1988. Ndondi nyingi huchezwa kwenye kumbi za kijamii za mitaani, kwa ada ndogo.

Hesabu pia barabara. Mazoezi ya saa kumi na mbili na nusu jioni Westlands, wewe unatoka Embakasi na mvua imeanza, hutafika. Na kutoka pwani kuja karibu mita 1,800 juu ya bahari, wiki za mwanzo pumzi itakatika mapema. Usimwache kocha akuambie ni uvivu.

Wazazi na wajomba mlioko nyumbani, nawaheshimu, lakini msikilize. Mjomba wangu alichangia ile 42,000 kwa sababu aliona picha ya ukumbi kwenye WhatsApp, akasema sasa vibaka wa Nairobi hawataniweza. Mjomba, mwenye kisu anapewa simu, awe amekutana na mkanda wa rangi yoyote. Mkitaka kumsaidia kijana, mtumieni ada ya mwezi mmoja, halafu mwombeni awatumie risiti kabla ya mwezi wa pili.