Tarehe ya Kujifungua Ikipita na Kazi Bado Zinaendelea

Tarehe ya kujifungua ni makadirio tu, yanayopatikana kwa kuhesabu siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na ni watoto wachache mno wanaozaliwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo mnapowaarifu wakuu wa kazi na ndugu, tajeni kipindi, tuseme wiki ya 38 hadi ya 42, badala ya siku moja. Hata zile simu za kila asubuhi za kuuliza kama mtoto amezaliwa zitapungua. Kazini, kila jioni kabla ya kuondoka, andika mistari michache kuhusu kilichokamilika, kilichobaki na faili lilipo, ili mwenzako aweze kuipokea kazi hata ukiondoka usiku wa manane. Nyumbani, mteueni mapema atakayebaki na watoto wakubwa, pamoja na wa akiba. Kliniki isiahirishwe kwa ajili ya kikao chochote, kwani ifikapo wiki ya 41 wahudumu wengi huanza kujadili suala la kuanzisha uchungu. Mtoto akipunguza kucheza tumboni, chupa ikipasuka au damu ikitoka, nendeni hospitali saa hiyohiyo bila kusubiri miadi.