Utando wa waridi kwenye mchungwa usiupuuze
Wenye michungwa Muheza, masika yakikolea pitieni shambani mtazame panda za matawi. Madoa ya kijivu yaliyoganda kwenye gome mara nyingi ni likeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Yaloweshe, yakwaruze kwa ukucha: ukiona kijani chini yake, yaache, hayanyonyi mti. Nimeona watu wakiyakwangua kwa panga hadi gome linachubuka, na kidonda hicho ndicho mlango wa maradhi. Inaniuma sana.

Wa kuogopwa ni utando mwembamba wa rangi ya waridi, kama rangi iliyopakwa kwa brashi, unaolizunguka tawi. Kuvu huyu hushambulia michungwa na hata mibuni. Hupenya gome, majani ya mbele yananyauka, kisha tawi linakufa. Likate chini zaidi, shibiri nzima au zaidi kutoka utando unapoishia, siku isiyo na mvua, ulichome hapo hapo bila kuliburuta kati ya miti mingine. Kidonda kipake dawa ya kopa, yaani ya shaba. Punguza pia matawi ya ndani yanayobanana, maana unyevu usiokauka ndio unaomlea kuvu huyu.