SOMO: Hadithi moja na wimbo mmoja, wiki nzima darasa la awali (mada: Sokoni)

Kila muhula ukifunguliwa napigiwa simu ileile: "Mwalimu, hadithi nawasimulia, nyimbo wanaimba vizuri tu, mbona kuhesabu hawajui?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena namrushia uzi huu.

Nafundisha watoto wa miaka mitano. Mwaka huu ninao 58 na mkeka mmoja mkubwa, kwa hiyo asije mtu kuniambia njia hii inataka darasa la watoto kumi na tano.

1. Chagua mada moja ya wiki. Hapa ni Sokoni.

2. Vifaa: kikapu na kokwa za maembe zilizooshwa zikakauka. Huna kokwa, okota vifuniko vya soda. Usinunue kitu.

3. Tunga hadithi yenye jambo linalojirudia. Yangu: Bibi katoka sokoni na maembe matano. Kila akipumzika chini ya mti, nyani anashuka, anachukua moja. Bibi akiamka anahesabu upya, anashika kichwa. Embe la mwisho analitia pilipili, nyani analila, anakimbilia mtoni ulimi nje. Dakika tano zinatosha.

Isimulie hiyohiyo Jumatatu hadi Ijumaa. Ndiyo, hiyohiyo. Siku ya kwanza wanakusikiliza, siku ya tatu wanakusimulia wao. Alhamisi kosea makusudi, sema nyani kachukua chungwa. Zile kelele watakazokupigia ndizo kipimo chako, hata yule asiyefungua mdomo mwezi mzima utamsikia.

4. Anza na "Paukwa!" wakuitikie "Pakawa!" Darasa linatulia bila fimbo.

5. Wimbo:

Bibi kaenda sokoni,
Kikapu chake kichwani,
Maembe mangapi ndani?
Nyani yuko mlangoni!

Mizani nane kila mstari, kina kimoja. Mtoto akisahau neno, kina kinamrudisha njiani. Jumatatu na Jumanne wapige makofi kwa silabi: bi-bi, ki-ka-pu. Hapo unaandaa kusoma, sikio linazoea kwamba neno hukatika vipande.

6. Kuhesabu. Hapa ndipo nilipoharibu, soma polepole.

Mwaka wangu wa kwanza niliunganisha yote siku moja. Tunaimba, tunapiga makofi kwa silabi, halafu hapohapo nawapa kokwa wahesabu. Watoto wakaendelea na mdundo uleule. "Mo" kidole kokwa ya kwanza, "ja" kidole kokwa ya pili. "Ma-wi-li", kokwa tatu zimekwisha. Mdomo unasema mawili, kidole kiko kwenye ya tano. Mimi nikadhani hawajui namba, nikawaimbisha zaidi, yaani nikawa nazidisha ugonjwa kwa dawa. Wiki tatu zilipotea. Siku moja nikakaa chini nikatazama vidole badala ya kusikiliza midomo, ndipo nikaona. Namba walikuwa wanazijua. Kosa lilikuwa makofi yangu.

Kwa hiyo: makofi ya silabi YASIKAE siku moja na kuhesabu. Anza kuhesabu Jumatano. Na mtoto asiguse kokwa kwa kidole, aichukue na kuidondosha kikapuni. Neno zima, kokwa moja, ti! Mkono ukishika kitu hauwezi kukimbia kama kidole kinavyokimbia. Asiyeruhusu kokwa ianguke mpaka neno liishe ni wewe mwalimu, wiki ya kwanza. Tena ishia tano. Kumi ina siku yake.

7. Sauti /b/ itafute kwenye bibi. Sauti, siyo jina la herufi.

8. Ijumaa wachore.

MASWALI

Mdau 1: Somo zuri mkuu. Naomba PDF.

Mwandishi: Hakuna PDF. Somo ndilo hilo ulilolipita.

Mdau 2: Wangu nimewapa kokwa wahesabu huku tunapiga makofi lakini wanachanganya, tatizo nini?

Mwandishi: Hatua ya 6.

Mdau 2: Nimeisoma.

Mwandishi: Irudie.

Mdau 3 (mzazi): Mwalimu, mbona daftari la mwanangu tupu? Nalipa ada aje kuimba?

Mwandishi: Mzazi mwenzangu, mwanao ana miaka mitano. Mpe vijiko vinne avipange mezani usiku huu. Akikuletea vinne, ada yako imefanya kazi. Daftari lililojaa naweza kulijaza mimi kwa kumshika mkono.

Mdau 4: Shikamoo mwalimu. Niko Shinyanga, wengi wanakuja wakijua Kisukuma tu. Hadithi hawaifuati.

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri hili. Usitafsiri hadithi nzima, utachoka na wao wataisubiri tafsiri. Igize: kikapu kichwani, lala, nyani ashuke. Jumatatu waulize embe nyumbani wanaliitaje, neno lao liingie kwanza, la Kiswahili lifuate. Nyani awe mtoto wao mmoja, asiyehitaji kusema kitu. Na wale wawili watatu wanaojua lugha zote mbili wakae mbele, wataitikia na wengine watawafuata.

Mdau 5: Mwalimu, wangu wanahesabu vizuri "moja, mbili, tatu" ila wakishika vitu wanasema "maembe mbili", "viti mbili". Niwasahihishe?

Mwandishi: Umenigusa mahali ambapo hata mimi sikupafikiria vizuri. Namba ya kwanza hadi ya tano, na nane, hubadilika kufuata jina: maembe mawili, viti viwili, watoto wawili. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa hiyo mtoto anabebeshwa mizigo miwili pamoja, kuhesabu na upatanisho. Usimkemee, rudia tu kwa usahihi, "eeh, maembe mawili". Lakini ukitumia ndizi shida haipo: ndizi moja, ndizi mbili, ndizi tatu, sawasawa na anavyohesabu. Maembe yaje wiki ya pili.

Mdau 5: Na wimbo?

Mwandishi: "Ndizi zake ngapi ndani?" Mizani nane vilevile. Nabadilisha na wangu Jumatatu. Asante, mwalimu.

Mdau 6: Kwa kubandika picha natumia gundi ya uji mzito wa ngano, haigharimu kitu.

Mwandishi: Mimi pia, ila pika ya siku hiyohiyo, kesho yake inanuka. Na hesabu watakaoilamba.

Mdau 7: Kwa sura ya nyani, soksi kuukuu na vifungo viwili.

Mwandishi: Vifungo vishone kwa nguvu, wanavitia puani.

Mdau 8 (mzazi): Mwalimu, binti yangu jana katia pilipili kwenye embe la mdogo wake. Anasema "nyani".

Mwandishi: Pole sana dada, mpe mdogo maziwa. Wa tatu huyo mwezi huu. Kuanzia wiki ijayo bibi anatumia ndimu.