Kumfundisha mgeni salamu kabla hajafika ukweni

Mwongozo huu ni wa yule aliyeletewa shemeji au wifi kutoka ng'ambo, akaambiwa, "Hebu mfundishe, Jumamosi tunaenda Korogwe." Nimeuandika baada ya kumwandaa mchumba wa binamu yangu, Mjerumani. Daftari na programu za simu weka kando. Mtumie sauti kwa WhatsApp, naye ajibu kwa sauti.

Hatua ya 1: Hodi na karibu. Mpeleke mlangoni, abishe, basi.

Hatua ya 2: Habari. Ziwe za asubuhi, za kazi au za nyumbani, jibu ni nzuri, njema au salama. Hata kama ana shida, nzuri inatangulia: "Nzuri, ila begi langu halijafika." Wazungu wengi husita hapa, wanaona kama wanadanganya.

Hatua ya 3: Shikamoo. Tenga jioni nzima. Kulitamka si kazi; kazi ni kinachofuata. Mama mkwe akishaitikia hanyamazi, na mgeni anayedhani kamaliza hubaki anatabasamu tu. Kwa hiyo fundisha mkupuo mzima:

— Shikamoo, mama.
— Marahaba mwanangu, hujambo?
— Sijambo.
— Za safari?
— Nzuri.

Atajibu "hujambo" kwa "hujambo", hilo litegemee. Usimweleze sarufi. Mrushie hujambo na hamjambo kwa kuchanganya, mpaka sijambo na hatujambo zimtoke bila kufikiri.

Halafu nani ampe nani? Mdogo humwanza mkubwa, lakini kuna mitego. Akikuta wazee kadhaa barazani, ni "shikamooni". Wakiwa wamechanganyika na vijana, aanze na wazee, kisha "hamjambo" kwa waliobaki. Watoto watampa yeye shikamoo, aitikie marahaba. Wa kwetu alijibu "asante", watoto wakaangua kicheko. Dada aliyemzidi miaka miwili mitatu anaweza kusema "unanizeesha", kwa hiyo huyo apewe "habari, dada". Na kama ukoo una shangazi mdogo kiumri, mchumba wa mgeni aulizwe mapema wao humsalimiaje, maana kila nyumba ina utaratibu wake.

Mikono pia. Amwachie mzee aanze kuunyoosha wake, na kama ni mama wa Kiislamu hasa asimkimbilie.

Hatua ya 4: Asalaam aleikum. Akisalimiwa hivyo, ajibu "waaleikum salaam". Huko Tanga, mkoa ilipo Korogwe, ataisikia kutwa.

Hatua ya 5: Mambo, poa. Mimi huificha makusudi mpaka safari ya ukweni iishe. Ukimpa mapema, babu atauliza "Habari za huko?" naye ajibu "Poa!" Vijana wa kijiweni watamfundisha wenyewe, bure. Ile "jambo" ya watalii ndiyo ya kumfuta kabisa. Akishaizoea, kumtoa ni kazi.

Ijumaa usiku mpigie simu ghafla, anza na "Hujambo?" bila kumwonya.